Amekiri au Hajakiri?

Mama yangu alifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo kwa miaka 26. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupiga chapa mwenendo wa kesi. Hakimu anaandika kwa mkono, mwandiko wenyewe wa haraka haraka, na karani anaketi na taipureta yake kuhakikisha kwamba nakala inayokwenda kwenye rufaa haina neno lililoongezeka wala lililopungua. Mtu aliyeishi hivyo hasikilizi mazungumzo kama mimi na wewe. Ukimwambia fulani kakubali kosa, atakuuliza kasemaje.

Kwa hiyo usiku ule tulipomaliza kutazama Frost/Nixon, mimi nikiwa bado na donge kooni kwa ule uso wa mwisho, yeye alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaniuliza: "Sasa baba, huyu mzee amekiri au hajakiri?"

"Amekiri, Mama."

"Kwa neno gani?"

Nikafungua mdomo, nikakuta sina neno la kumpa. Nilikuwa nimemtafsiria filamu nzima kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, maana haikuwa na maandishi ya Kiswahili chini. Kama kulikuwa na neno la kukiri, lilipita mdomoni mwangu mwenyewe. Nikakumbuka uso wa mwigizaji, nikakumbuka kimya, nikakumbuka sauti inayokwaruza. Neno sikulikumbuka.

Nimeibeba hoja hiyo kwa wiki kadhaa sasa, na ninaiandika hapa kwa sababu kazi yangu mimi ni kukata. Ninahariri mahojiano ya televisheni, na huu ni mwaka wangu wa 11. Swali la Mama si la filamu hii tu, ni la kila kitu ninachokifanya nikiketi mbele ya ile kompyuta.

Kwa ambaye hajaiona, filamu ilitoka mwaka 2008, mwongozaji ni Ron Howard. Inasimulia mahojiano ya mwaka 1977 kati ya mtangazaji wa Kiingereza David Frost na Richard Nixon, rais pekee wa Marekani aliyewahi kujiuzulu. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa tamthilia ya jukwaani, iliyoandikwa na Peter Morgan na kuonyeshwa kwanza London mwaka 2006, ikavuka bahari hadi New York mwaka uliofuata. Michael Sheen alimcheza Frost, Frank Langella akamcheza Nixon, na Howard aliwachukua wote wawili kutoka jukwaani badala ya kutafuta majina makubwa zaidi. Ilipendekezwa kuwania Oscar tano, haikupata hata moja.

Peter Morgan huyo ndiye aliyeshiriki kuandika skripti ya The Last King of Scotland, filamu ya Idi Amin ya mwaka huohuo wa 2006, ile ambayo Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili yake na kuondoka na Oscar. Wengi wetu huku tunaikumbuka ile kuliko hii. Na tukiwa bado kwa Amin, Julai 1973, kashfa ya Watergate iliyokuja kumng'oa Nixon ikiwa imepamba moto, Amin alimtumia Nixon salamu za kumtakia apone haraka katika jambo hilo la Watergate, kana kwamba ni homa. Nilimwambia Mama habari hiyo katikati ya filamu. Hakucheka. Kwa watu wa umri wake Amin si mtu wa kuchekwa.

Mambo yenyewe ya Nixon yalikwenda hivi. Tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha upinzani, katika jengo la Watergate jijini Washington. Ikulu ikakana kuhusika. Halafu ikajulikana kwamba Nixon alikuwa akirekodi mazungumzo ya ofisini kwake. Mahakama ya Juu ikamwamuru azitoe kanda, na katika moja ya kanda hizo, ya siku sita tu baada ya uvunjaji, anasikika akikubali CIA itumike kuwazuia FBI wasiendelee na uchunguzi. Tarehe 9 Agosti 1974 aliondoka madarakani. Tarehe 8 Septemba, hata miezi miwili haijafika, mrithi wake Gerald Ford akampa msamaha.

Hapo kwenye msamaha Mama alinisimamisha.

"Alisomewa shtaka lini?"

"Hakusomewa. Alisamehewa kabla."

"Kabla ya kusomewa?"

"Ndiyo, kabla."

Akanyamaza kidogo. "Mtu anasamehewaje kosa ambalo hajaulizwa ni kweli au si kweli?"

Kwa wasiojua taratibu za mahakama zetu, shtaka likishasomwa mshtakiwa huulizwa, naye hujibu, na jibu lake huandikwa kama alivyolisema. Ni kweli. Au: si kweli. Kesi yote inaanzia pale. Mama amepiga chapa maneno hayo maelfu ya mara, na kwake mtu ambaye hajafika hapo bado hajaanza hata kuzungumza. Kwa swali moja alinionyesha kwa nini mahojiano yale yalikuwa na uzito uliopita mahojiano. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya Ford. Kilichobaki kilikuwa sebule ya nyumba ya kuazima huko Monarch Bay, California, viti viwili, taa, kamera, na mtangazaji ambaye watu walimjua zaidi kwa vipindi vya burudani kuliko kwa siasa.

Na pesa. Frost alikubali kumlipa Nixon dola 600,000. Televisheni kubwa za Marekani zilikataa kukichukua kipindi, na kununua mahojiano kulilaaniwa na wanahabari wengi, kwa hiyo Frost akahangaika kutafuta wadhamini na kuviuzia vituo vya kujitegemea. Filamu inaonyesha hangaiko hilo vizuri sana. Sheen ana tabasamu la mtu anayedaiwa, na anapoandika hundi ya kwanza ya dola 200,000 unaona mkono unavyokwenda na moyo unavyobaki nyuma.

Lakini filamu imenyamazia kitu kimoja: mkataba ulimpa Nixon pia asilimia 20 ya faida. Mimi naona si jambo dogo. Filamu inatupangia ulingo, mabondia wawili, mmoja lazima aanguke. Ukishajua kwamba bondia mmoja anapata sehemu ya kiingilio, unaanza kuutazama mchezo kwa jicho jingine. Nixon alikuwa na sababu ya kutaka watu wakae mbele ya televisheni. Alikuwa na sababu ya kutoa kitu, ilimradi kisiwe kile chenyewe.

Walirekodi kwa siku 12 kati ya Machi na Aprili 1977, karibu saa 29 za mazungumzo. Nisimame kidogo kwenye tarakimu hiyo, maana wasomaji wasiofanya kazi hii huenda wasiisikie inavyolia. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vinne, kila kimoja dakika 90. Ni saa sita. Maana yake ni kwamba hata mahojiano halisi, yale tunayoyaita ukweli tukiyalinganisha na filamu, ni kisu kimepita. Saa 29 ziliingia, saa sita zikatoka, na Nixon hakuwa na haki ya kuyaona maswali mapema wala kugusa uhariri. Kuna mtu aliketi akachagua, mtu wa kazi yangu. Halafu filamu ikazichukua zile saa sita ikazikata tena mpaka zikabaki dakika chache. Alichokitazama Mama ni kitu kilichokatwa mara mbili.

Ninaipenda filamu hii, na niseme kwa nini kabla sijailaumu. Ninaipenda kwa sababu inajua uso ni nini. Kwenye jukwaa la London waliweka ukuta wa skrini nyuma ya waigizaji, ili mtu aliyeketi mbali aone uso wa Langella mkubwa kama dirisha wakati mwili wake uko mdogo pale chini. Kwenye filamu hakuna haja ya ukuta, kamera inasogea tu. Na Langella hafanani na Nixon. Pua siyo, kimo siyo. Alichokifanya ni kuubeba ule mwili mzito wa mtu aliyezoea kufunguliwa milango, halafu polepole, swali kwa swali, mlango usifunguliwe. Katika mahojiano tunayoyarekodi kila siku, jambo la thamani haliji wakati mtu anajibu. Linakuja baada ya jibu, pale anapodhani amemaliza na mtangazaji hajasema neno. Midomo inafunga, macho yanashuka, kidevu kinatafuta pa kutulia. Huwa nawaambia vijana wanaojifunza kwangu: msikate hapo, ngojeni. Langella ameigiza hapo. Sijaona mwigizaji mwingine aliyeielewa sekunde hiyo namna ile.

Kisha kuna mbwa. Mahojiano yamekwisha, Nixon anatoka nje, anakuta watu wamesimama kumwangalia, na mwanamke mmoja amebeba kimbwa cha aina ile ya mwili mrefu na miguu mifupi. Anakisogelea, anakishika. Filamu haielezi chochote. Mimi niliusimamisha mchezo nikamweleza Mama: mwaka 1952, Nixon akiwa mgombea mwenza, alituhumiwa juu ya mfuko wa fedha wa siri, akaenda kwenye televisheni akajitetea mbele ya watu milioni 60 hivi, na kilichomwokoa zaidi ilikuwa habari ya mbwa aliyepewa zawadi na watoto wake wakampenda. Kwa hiyo mtu huyu televisheni ilimwokoa na mbwa mkononi. Ikaja kumwangusha mwaka 1960 kwenye mdahalo na Kennedy, uso ukimtoka jasho. Na sasa, 1977, ametoka kwenye kamera za mwisho zenye maana katika maisha yake, mkono wake unakwenda kwa mbwa. Sijui kama mwandishi alikusudia hivyo, lakini mimi nilikiona, na hakinitoki.

Basi, simu. Sehemu inayosifiwa kuliko zote ni ile ambayo Nixon, usiku, kinywaji kimemwingia, anampigia Frost hotelini na kumwaga moyo: kwamba wao wawili ni watoto wa watu wa kawaida waliodharauliwa na wenye majina. Simu hiyo haikupigwa. Morgan aliitunga. Wako walioikasirikia, mimi siko nao. Hakuna kumbukumbu inayokanushwa pale, na filamu yenyewe inaiacha ikiwa nusu ndoto, maana mwishoni Nixon hakumbuki kama alipiga. Mtunzi ameingia kwenye chumba ambacho hakuna aliyekuwa na kalamu, akasema: huenda ndani ya mtu huyu kulikuwa na hiki. Hiyo ni haki ya mtunzi. Watunzi wetu wa tenzi wamewatilia mashujaa maneno vinywani kwa karne nyingi, na hakuna aliyewaita waongo.

Hivyohivyo na ile habari ya James Reston Mdogo, mtafiti wa Frost, kukimbilia maktaba dakika za mwisho na kuibuka na mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson. Kweli aliyapata, ila miezi mingi kabla. Filamu imeyasogeza karibu na fainali ili tushike roho mikononi. Sawa.

Palipo na rekodi ndipo ninapoanza kukaa vibaya kwenye kiti.

Sentensi inayojulikana kuliko zote za mahojiano yale ni hii: rais akilifanya jambo, basi jambo hilo si kinyume cha sheria. Kwenye filamu inatamkwa katikati ya mapambano ya Watergate, na Frost anashtuka kama mtu aliyeokota kisu kilichoanguka. Kwenye mahojiano halisi Nixon aliisema katika mazungumzo mengine, walipokuwa wakijadili mpango wa kuwapeleleza wapinzani wa ndani ya nchi, na ilirushwa katika kipindi kingine, si kile cha Watergate. Maneno ni yake, mahali si pake. Nikiwa mhariri naielewa tamaa hiyo mpaka kwenye mifupa. Sentensi nzuri ikikaa mahali pabaya, mkono unawasha.

Nikaenda kuitafuta kanda halisi, kwa ajili ya Mama. Imejaa kwenye intaneti, yeyote anaweza kuitazama. Nixon anaonekana mzee kuliko nilivyotarajia, na mwepesi zaidi kuliko Langella. Sauti yake haina uzito ule wa pangoni. Frost anafika mahali anaitupa pembeni ile bodi aliyobania karatasi zake, anamwambia kuna mambo matatu ambayo watu wangependa kuyasikia kutoka kwake: kwamba yalikuwa zaidi ya makosa ya kawaida, ulikuwa uovu, na huenda uhalifu, kwamba alitumia vibaya madaraka ya urais, na kwamba aliwatia wananchi katika mateso ya miaka miwili yasiyo na sababu, na anaomba radhi kwa hilo. Kisha anamwambia asipoyasema atasumbuliwa nayo maisha yake yote.

Jibu ni refu kuliko la kwenye filamu. Linazunguka. Linapita kwa wasaidizi wake wawili wakubwa, Haldeman na Ehrlichman, na jinsi ilivyomuuma kuwaambia waondoke. Ndani ya mzunguko huo linakuja lile ambalo filamu imelitunza vizuri: aliwaangusha rafiki zake, aliiangusha nchi, aliuangusha mfumo wetu wa serikali na ndoto za vijana, na atabeba mzigo huo maisha yake yote.

Na lipo neno jingine. Nixon anamwambia Frost kwamba unachotaka ni niseme nilishiriki kuficha uhalifu kinyume cha sheria. Halafu anasema: Hapana.

Hapana hiyo filamu haina. Kwenye filamu Nixon anasikika akisema kwamba alihusika katika kuficha huko, "kama unavyokuita". Mwandishi Elizabeth Drew, aliyefuatilia habari za Nixon kwa miaka mingi, ndiye aliyelinyooshea kidole jambo hili filamu ilipotoka. Nilimsoma nikarudi kusikiliza upya, mara tatu, nikiwa na vipokea sauti masikioni.

Wasiofanya kazi hii mtaniuliza: neno moja, tena fupi, lina nini? Niwasimulie lililonipata mimi.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa mahojiano ya mzee mmoja aliyewahi kushika wadhifa, akaondoka kwa kelele za fedha za mradi. Mtangazaji alimuuliza: zile fedha zilikwenda wapi? Mzee akajibu palepale, jibu refu la mafungu, vocha na kamati, lisilofaa televisheni. Dakika chache kabla ya hapo betri ya maiki ilikuwa imekwisha. Fundi akaenda kuleta nyingine, kamera ikaachwa inarekodi, na mzee akakaa kimya akiangalia mikono yake iliyokuwa juu ya goti la kulia, kidole gumba kikisugua kingine. Sekunde 41. Uso ulikuwa mzuri mno. Nikachukua sekunde tisa za kimya kile nikazipachika baada ya swali, na jibu nikalifupisha. Hakuna neno la uongo nililomtia mdomoni. Kila picha ilikuwa yake, kila sauti yake. Kipindi kikarushwa, na watu mtaani wakasema: umemuona alivyobanwa?

Siku ya pili alipiga simu chumba cha habari akataka kuongea na aliyehariri. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi pale nilikuwa nasubiri betri."

Nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akasema, "Haya," akakata.

Huenda alizila fedha zile. Sijui mpaka leo. Ila kimya kile hakikuwa jibu lake, na mimi niliufanya mji mzima ukisome kama jibu. Tangu siku hiyo najua kwamba mtu anaweza kudanganya bila kutunga hata herufi moja, kwa kuondoa na kusogeza tu. Ndiyo sababu simu ya kutunga ya Peter Morgan hainisumbui, na Hapana iliyoondolewa inaninyima usingizi. Simu ni mchango wa mtunzi mahali pasipo na kitu. Kuifuta Hapana ni kumpigia chapa mshtakiwa "ni kweli" wakati hakimu ameandika "si kweli".

Kuna watakaosema: lakini uso ulikiri. Uso wa Nixon halisi ulikuwa umevunjika, sauti ilikuwa imekwama, filamu imetupa ukweli wa ndani. Nimelifikiria sana hilo, maana ndiyo imani ya kazi yetu. Nikaenda kutazama waliouona uso wenyewe, wa mtu mwenyewe, walisemaje. Kipindi cha Watergate kilirushwa tarehe 4 Mei 1977 na kutazamwa na watu milioni 45. Gallup, shirika la kupima maoni ya watu, wakauliza baadaye: asilimia 69 walisema Nixon bado anaendelea kuficha. Asilimia 72 bado walimwona na hatia ya kuzuia haki isitendeke. Asilimia 75 walisema hastahili nafasi nyingine katika maisha ya umma. Hao hawakuondoka wakisema ametubu. Walimsikiliza mpaka mwisho, waliusikia ule msururu wa kuangusha, na waliisikia Hapana. Wasikilizaji wa 1977 walikuwa makarani wazuri kuliko sisi wa 2008.

Kiswahili kilinisaidia kuliona hili, au niseme kutafsiri kulinisaidia. Nilipofika pale pa "aliwaangusha" sikutafuta neno, lilikuja lenyewe, maana tunalitumia kila siku. Mtoto akifeli mtihani anaambiwa umeniangusha. Mshambuliaji akikosa penalti, katuangusha. Lina uchungu, lina aibu, linaweza kumliza mtu mzima. Lakini hakuna kifungu cha sheria cha kuangusha. Hakuna hakimu atakayeandika "mshtakiwa amekiri kuwaangusha" akatoa hukumu. Nixon alikuwa mwanasheria kabla ya yote. Alijua uzito wa kila neno kwenye mizani, akatoa lile linalotoa machozi, akalizuia lile linalofungua kesi. Mimi, mwenye donge kooni, nililipokea la kwanza nikadhani nimepewa yote mawili.

Mwaka 2024 zilitoka tamthilia mbili za video kuhusu mahojiano mengine, yale ya mwaka 2019 ambamo Andrew wa Uingereza, wakati huo bado akiitwa mwanamfalme, alihojiwa na Emily Maitlis wa BBC juu ya urafiki wake na Jeffrey Epstein, tajiri wa Kimarekani aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono. Katika moja ya hizo, Andrew anachezwa na Michael Sheen, yuleyule aliyekuwa Frost. Miaka 16 baadaye amehamia kiti cha pili. Nilizitazama zote nikiwa na daftari. Mahojiano yenyewe yako wazi kwa yeyote mwenye simu, kwa hiyo ukibadilisha neno utakamatwa saa hiyohiyo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama na laptopu. Tukaketi barazani, nikamwekea kanda halisi, si filamu. Nilimtafsiria polepole, nikisimamisha kila baada ya sentensi mbili tatu. Alikuwa amejiinamia, mikono imefumbatana, kama anavyosikiliza taarifa ya msiba redioni. Tulipofika pale nikakaa kimya nikamwacha Nixon aseme mwenyewe. No.

"Hiyo usinitafsirie," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Akaisikiliza tena.

"Basi andika," akasema, na kwa kidole akagonga meza mara mbili, kama mtu anayepiga herufi. "Si kweli. Alivyosema ndivyo alivyosema. Waliobaki watahukumu."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimemsimulia habari ya mzee wa betri miaka mingi nyuma, nikadhani amesahau.

"Na yule mzee wako. Ile kanda yake unayo?"

Ninayo. Nimehama kompyuta nne na kila mara nimeihamisha, mbichi, nzima, na zile sekunde 41 zikiwa mahali pake, fundi akisikika kwa mbali akifungua droo na kusema subiri kidogo mzee, natafuta nyingine.

"Mpelekee," Mama akasema.

Nimeiweka kwenye flashi. Nimeulizia anakoishi, nikaambiwa bado yuko palepale. Jumamosi nakwenda.